Ng'ambo ya Mtaro

Nilianza kwa maneno, kama anayeagiza supu:
mwanamume, miaka hamsini, kofia ya kitambaa,
uwanda wa nyasi karibu na Vastseliina, Julai, alfajiri,
fyekeo la mpini mrefu,
mtu wa shoto.

Akili mnemba ikafikiri kwa muda wa kupiga chafya
ikanipa baba nisiyemjua:
kifua cha mwanamasumbwi, ndevu za tangazo la bia,
umande unaong'aa kupita umande.
Na fyekeo, kulia.

Nikafuta. Nikaandika tena: shoto.
Kulia.
Nikaandika kwa herufi kubwa, kama unavyomfokea kiziwi.
Kulia.
Mara ya kumi na tisa alikuwa na mikono mitatu,
yote mitatu ya kulia,
na mimi karibu nilie.

Ila ile ya ishirini na mbili,
mgongo ule, na bega moja lililoshuka
kana kwamba linamwomba mwenziwe radhi,
hilo bega sijui ililitoa wapi.

Picha yake sina. Ipo moja ya shamba la ushirika:
wafyekaji kumi na mmoja kwa mshazari,
kila mmoja hatua tatu nyuma ya mwenzake,
makali yote yakifagia upande mmoja.
Mtu wa shoto haingii katika safu ile,
atamkata jirani kifundo cha mguu.
Basi Arved alifyeka peke yake, ng'ambo ya mtaro,
na mpiga picha hakutaka kulowesha viatu.
"Baba yako yuko hapa," mama alizoea kusema,
ukucha wake umeshapita ukingo wa karatasi,
umetua juu ya kitambaa cha meza.

Triinu, mwenye karakana, alitazama kioo cha simu yangu.
"Hiyo imekopa macho ya watu bila kupiga hodi."
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na ubao wa mtufaha,
euro kumi na nne, na fundo moja baya pembeni.

Wiki tatu.
Patasi haijui kuongeza.
Nilimwondolea ndevu, nikamwondolea kifua,
nikaung'oa umande tone kwa tone,
na kila nilipotoa, nilijua, patakuwa peupe.
Fundo lilivunja ncha ya patasi yangu ndogo.
Nikaliacha. Liwe jiwe, liwe kinoo chake
alichokiweka mfukoni ndani ya pembe ya ng'ombe, na maji kidogo,
kikimgonga pajani akitembea.
Mashine haikukitia. Sikukumbuka kuiambia.

Nilikuwa nimeshapaka wino, rola bado mkononi,
Triinu akainama, akacheka puani.
"Hukuigeuza kabla ya kuinakili. Itatoka kinyume."
Kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza.
Nimechonga chapa miaka kumi na sita.

Nikatandaza karatasi hata hivyo.
Shinikizo likazunguka kwa mlio wake wa mlango wa ghala.
Nikaishika pembe moja, nikaivuta taratibu,
wino ukiachia kwa sauti ya midomo inayofunguka.

Mwaka niliouchonga chini, 1974,
umetoka kama maandishi ya mlevi.
Na juu yake Arved, bega la kushoto limeshuka,
mkono wa kushoto umetangulia,
anafyeka kuelekea upande ambao hakuna mtu.

Triinu hakusema neno. Alikwenda kuosha rola.

Jioni niliitandika picha ya ushirika mezani.
Wale kumi na mmoja bado wako kazini.
Chapa, ilipokauka, nikaiweka
pale ukucha wa mama ulipozoea kutua.
Sikuzigusanisha.
Kati yao nimeacha nafasi, upana wa vidole viwili,
kitambaa kinaonekana.
Huo ndio mtaro.